Maji ya Kwanza ya Ndizi

Kama umetoka kliniki wiki hii umeambiwa acha ndizi, acha maharage, acha parachichi, punguza chumvi, na wewe ni mtu wa Kagera, najua ulichojiuliza njiani: sasa nitakula nini? Hilo ni swali dogo. Swali kubwa ni nani atapigwa kwa ajili ya kile utakachokataa kula. Mimi hakuna aliyenionya, ndiyo maana naandika.

Naitwa Winfrida. Nakaa Ijuganyondo na kazi yangu ni ndizi. Nanunua mikungu Muleba, nauza Bukoba mjini. Nahesabu mikungu ikipanda kwenye gari, nahesabu tena ikishuka, kwa sababu kati ya kupanda na kushuka hutokea miujiza. Kubeba kulinipa mgongo mbovu, mgongo ukanipeleka duka la dawa, na huko nikanunua vidonge vya maumivu kama wengine wanavyonunua karanga. Nikawa mteja wa kupunguziwa bei. Daktari aliponiuliza nimevimeza kwa muda gani, nilimjibu kwamba nilianza mwanangu wa mwisho akiwa darasa la tatu.

"Sasa yuko darasa la ngapi?"

"Sasa ana mke."

Daktari aliweka kalamu chini. Basi na wewe ujue mapema: sumu iliyoniua figo niliinunua mwenyewe, tena kwa punguzo. Ila siku ile nilipoanguka hakuna aliyejua hivyo.

Ulikuwa msimu wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nimetoka Kamachumu, nyumbani kwetu, ambako mdogo wangu Projestus anashika kibanja cha marehemu baba, pamoja na mama yetu, ambaye sote tunamwita Mawe. Mke wa Projestus ni Jovitha, msichana wa Rubafu, mpole, mwenye mkono mzuri wa kupika. Siku hiyo alipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage katika sufuria moja, kama tunavyopika siku zote, akafunika kwa majani ya mgomba, na ule mchuzi mzito ukabaki chini. Nilikula nikaongeza. Nilikuwa nimevimba miguu kwa wiki kadhaa, lakini miguu ya mfanyabiashara nani anaiangalia?

Asubuhi yake, sokoni, nikiwa nabishana na mteja juu ya mkungu, moyo ulinipiga teke. Sijui niseme vipi tena. Uliruka, ukasimama, ukanigonga kifuani kama mtu aliyefungiwa ndani anayetafuta mlango. Nilianguka juu ya ndizi zangu. Nasikia yule mteja alisubiri kidogo, akidhani ni mbinu ya kutopunguza bei.

Nilipozinduka nilikuwa nimeshikwa na watu wanne. Walinichoma shingoni, wakanisukumia bomba humo mpaka nikahisi linagonga kifua kwa ndani. Nilimng'ata muuguzi mkono. Nimeshamwomba radhi, akanionyesha alama, tukacheka. Siku za mwanzo za mashine ya kusafishia damu nakumbuka vipande tu: damu yangu ikizunguka nje yangu kwenye mirija kama inatafuta mwili mwingine, misuli ya miguu ikijikunja mpaka napiga kelele, matapiko yenye ladha ya chuma. Nilikuwa mwanamke wa kubeba mkungu begani. Katika wiki chache mapaja yakawa kama ya kuku wa mashindano, uso ukavimba, ngozi ikawasha hadi nikajikwangua damu kwa kitana. Kila wiki mara tatu, walinirudisha kwenye kiti kile.

Huku mimi napigwa na mashine, Kamachumu walikuwa wameshapata jibu lao. Dada wa watu alikuwa mzima, alikula kwa wifi yake, kesho yake kaanguka. Kuna lingine la kuuliza?

*

Chumba cha mtaalamu wa lishe kiko mwisho wa korido, na nje yake kuna benchi moja. Ukitaka kujua binadamu ni nini, kaa kwenye benchi hilo. Siku yangu ya kwanza kulia kwangu alikaa mama kijana na mtoto aliyetoka wodini, nywele nyekundu, miguu myembamba kama vijiti, macho makubwa yasiyocheka. Kushoto mzee wa sukari. Mbele yetu msichana mjamzito mwenye midomo myeupe kama amepakwa unga. Tuliingia mmoja mmoja, tukatoka na amri zinazopingana. Mama mtoto aliambiwa: ndizi mbivu, ponda na parachichi, maziwa, yai zima, mlishe kidogo kidogo mara nyingi. Mjamzito aliambiwa: maharage, dagaa, mchicha, ini ukilipata. Mzee aliambiwa apunguze ndizi na aiage rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mimi nikaambiwa vyakula ambavyo mama mtoto aliambiwa amlishe mwanawe, niviache vyote.

Mtaalamu mwenyewe ni binti wa Kashozi, anaitwa Alodia. Uso wa mtoto wa shule, sauti ya mkaguzi.

"Mama Winfrida, ndizi hapana."

"Hapana kabisa, au hapana ya kuanzia?"

"Mama, hatupo sokoni."

"Mwanangu, nimeuza ndizi miaka yote, nimekula ndizi kabla ya kuota meno. Ukiniambia hapana kabisa, nitakudanganya. Nipe kitu nisichohitaji kukudanganyia."

Akanitazama. Akasema madini yaliyo kwenye ndizi, figo nzima huyatoa, zangu haziyatoi, yanajaa kwenye damu, ndiyo yaliyonipiga lile teke. Maharage nayo vilevile, na ule mchuzi wao ndio mbaya zaidi. Basi. Hakunipa somo refu na mimi sitakupa.

"Ukizidiwa na hamu," akasema, "menya, katakata vipande vidogo vidogo, loweka kwenye maji mengi. Mwaga. Chemsha kwenye maji mengine mengi. Mwaga. Weka maji mapya, malizia kupika. Ule vipande vichache, siyo sahani. Na siyo kila siku."

"Hayo siyo ebitoke. Hiyo ni maiti ya ebitoke."

"Afadhali maiti iwe kwenye sahani."

Hapo nikajua nimepata mtu wa kubishana naye. Nilipotoka, nilikuwa na mfuko wa ndizi mbivu nilioletewa na mgeni wodini. Nikampa mama mtoto. Akamenya moja palepale, akaiponda kwa vidole, na yule mtoto asiyecheka akaifuata kwa mdomo wazi. Kitu kilichotaka kuniua kilikuwa kinaingia kwa yule mtoto kama mafuta kwenye taa. Nilikaa nikimwangalia mpaka wakaniita kurudi wodini.

*

Mvua za vuli zilipoanza, waliniruhusu kwenda nyumbani kumwona Mawe, kati ya mashine na mashine. Niliona Jovitha amebeba mimba kubwa, ya tatu. Alinipokea kwa magoti, akanikalisha, akaleta sahani. Ebitoke, maharage, juu yake mchuzi unaong'aa. Alikuwa amechagua mkungu mzuri kuliko yote kibanjani. Chumba kilikuwa kimejaa: Projestus, majirani waliokuja kunipa pole, na Mzee Kaijage, mkubwa wa ukoo wetu.

Nikasema, "Wifi, asante, ila mimi siwezi kula hiki."

Nilidhani nimesema habari za hospitali. Kwetu chakula ukiwekewa mbele ya watu ukakisukuma, umetoa ushahidi. Jovitha alibaki amepiga magoti, mikono bado imenyooshwa.

"Umeona?" Projestus alimwambia mkewe taratibu. "Hata yeye anajua."

"Projestus, nyamaza, ni daktari ndiye…"

Hakunisikia. Alimpiga kwa mwiko, ule mkubwa wa kusongea, mdomoni. Nilisikia jino. Ni sauti ndogo, kama punje ya mahindi inapopasuka jikoni. Jovitha alianguka kwa ubavu akilinda tumbo kwa mikono yote miwili, kwa hiyo uso ulibaki bila mlinzi, na mdogo wangu akaupiga tena. Sufuria ikapinduka. Nikajitupa katikati, mimi mwenye bomba shingoni, nikasukumwa kama pazia. Bandeji ikalowa damu. Majirani wanaume walisimama wakasema, "Basi, basi," kwa sauti ya watu wanaoomba chumvi.

Aliyemwokoa ni Mawe. Hana nguvu, hana meno, anatembea kwa fimbo. Alimkokota Jovitha kwa kanga hadi chumbani kwake, akafunga mlango, akakaa mbele yake kwenye kigoda. Projestus alikwenda ukutani akashika muhoro, kile kisu chetu kilichopinda cha kusafishia migomba.

"Ukitaka kupita," Mawe akasema, "anza na aliyekuzaa. Nafika magotini mwako, hutachoka."

Projestus alisimama pale akihema. Kisha akaenda nje akaanza kuifyeka migomba, mizima, yenye mikungu. Tulikuwa tunaisikia ikianguka.

Mzee Kaijage akatoa uamuzi wake. Jumapili ijayo ukoo utakaa. Jovitha atapika mbele ya watu wote. Winfrida akila kutoka mkononi mwake, maneno yamekwisha. Asipokula, Jovitha anarudi Rubafu, na watoto wanabaki.

"Na nikila nikafa?" nikamuuliza.

"Basi tutakuwa tumejua," akasema Mzee Kaijage.

*

Nilimpeleka Jovitha mjini kesho yake, Mawe akituombea njia. Walimpima, mtoto alikuwa anacheza tumboni. Midomo walimshona. Kisha nikaenda kukaa kwenye benchi la Alodia na wifi yangu kando, uso wake umejaa rangi ya biringanya.

Nilimweleza Alodia yote. Alikasirika hadi akapata kigugumizi. Alitaka polisi, ustawi wa jamii, alitaka kwenda mwenyewe Kamachumu. Nikamwambia polisi tutawafikia, nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Lakini watoto wawili walikuwa bado kule, na Jumapili ilikuwa inakuja kwa miguu yake yenyewe.

"Nipe bei ya mwisho," nikasema. "Ndizi ngapi naweza kula Jumapili nikaamka Jumatatu?"

"Hakuna bei, mama."

"Ipo. Kila kitu kina bei. Jumatatu asubuhi nina mashine."

Aliangalia majibu yangu ya damu, akayaangalia tena, nami nikampenda kwa hilo. "Zimwagwe maji mara mbili, kama nilivyosema. Vipande vitano. Maharage hata moja usiguse. Na usiku huo ulale mjini, karibu na hospitali."

"Vipande saba."

"Vitano, mama! Hii siyo ndizi, huu ni moyo wako!"

"Vitano," nikasema. Mara moja katika maisha yangu nilishindwa biashara, na sijutii.

Jovitha, ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, akauliza kwa mdomo ulioshonwa, "Na yale maji yanayomwagwa? Ni mabaya kwa kila mtu?"

"Kwa mwenye figo nzima ni chakula," Alodia akamjibu. "Wewe unayelisha mtu tumboni, yangekufaa. Mazuri yote yaliyotoka kwenye ndizi yamo humo."

Jovitha akaitikia kwa kichwa. Nilidhani ameuliza kwa kuuliza tu.

*

Jumapili walijaa uani. Senene, panzi wetu wa kukaanga, walikuwa wameanza kuanguka, vijana walikuwa na ndoo, lakini hakuna aliyewafuata. Watu walikuwa wamekuja kuona mtu akila. Projestus alikaa mlangoni, muhoro kati ya miguu yake, anadai anataka kwenda shambani baadaye. Jumapili.

Jovitha alimenya. Kisu hakikuteleza. Alikatakata vipande vidogo, wanawake wakaguna, maana ndizi tunapika nzima. Aliloweka. Maji ya kulowekea aliyamwaga kwenye migomba na watu wakavumilia. Akabandika, ikachemka, harufu ikapanda. Kisha akashika sufuria kwa majani, akainuka kwenda kumwaga.

"Anamwaga!" sauti ikatoka nyuma. "Anamwaga dawa yake!"

Watu wakalipuka. Mwanamke mmoja alimshika Jovitha mkono, maji ya moto yakamrukia yeye mwenyewe, akapiga yowe kwamba anaunguzwa na mchawi. Jiwe likapita karibu na kichwa changu, likavunja chungu. Projestus alisimama na muhoro, na safari hii sikuona mtu wa kwenda shambani. Nilianza kupiga kelele kwamba ni amri ya hospitali, nikasikia sauti yangu ilivyo nyembamba, sauti ya mgonjwa, ambayo hakuna anayenunua kitu kwake.

Jovitha aliweka sufuria chini. Hakukimbia. Aliingia jikoni akatoka na kikombe cha bati, akachota yale maji, akapuliza. Akanywa. Mdomo ulikuwa bado una nyuzi, maji yakachuruzika kidevuni yakiwa na wekundu kidogo. Alinywa mpaka mwisho, akageuza kikombe juu chini watu waone. Akachota kingine, akanywa hicho nacho, tumbo lake likiwa mbele yake kama shahidi.

Senene walikuwa wanagonga mabati.

"Nipe na mimi," Mawe akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Yanafaa kwa asiye na meno." Akanywa mafunda mawili, akalalamika kwamba hayana chumvi.

Mzee Kaijage aliitazama sufuria, akatazama watu, akaona kesi inamponyoka. "Winfrida ale," akasema.

Jovitha aliyamimina yale maji kwenye bakuli, akamalizia kupika kwa maji mapya, akaniletea vipande vitano kwenye jani. Nilivihesabu, nikavihesabu tena. Vilikuwa havina ladha yoyote, kama kutafuna karatasi ya mtihani. Nikavila kimoja kimoja, nikimtazama mdogo wangu. Kila kilichoshuka nilisikiliza moyo wangu kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi nje.

Nilipomaliza, nikachukua kikombe, nikachota maji yaliyobaki, nikampelekea Projestus mlangoni.

"Mkeo amekunywa. Mama yako amekunywa. Mimi nimekula. Bado wewe."

Alitazama kikombe. Watu wote walimtazama yeye. Mkono wake mmoja ulishika muhoro, mwingine ukainuka nusu, ukakataa. Mdogo wangu, aliyevunja jino la mtu kwa uhakika, hakuweza kunywa maji ya ndizi.

"Mwache, wifi," Jovitha akasema nyuma yangu. "Sikumwekea kitu. Ila yeye ameniwekea mkono, na huo sijaumeza."

Akawashika watoto wake, akafunga vitu vyake kwenye kanga. Hakuna aliyemzuia. Mzee Kaijage alikuwa amegundua kiatu chake kinahitaji kufungwa. Jioni ile tulikuwa Ijuganyondo, na Jumatatu niliamka. Alodia alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine kabla yangu. Alinishika mkono na kunihesabia mapigo.

*

Mashine ilishuka kutoka mara tatu hadi mara mbili, ikawa mara moja, na kahawa ilipoanza kuwa nyekundu tena daktari akasema tujaribu bila. Bomba limetoka, kovu limebaki chini ya sikio kama alama ya ng'ombe wa mnada. Figo zimebaki kidogo, nazilea kama yatima. Siponi kabisa na sijidanganyi. Tulifika polisi, faili lipo. Mtoto alizaliwa Ijuganyondo, msichana, mzito, mwenye mapafu ya mnadi.

Jikoni kwangu sasa kuna majiko matatu na kila moja lina mtu wake. Watoto wa Jovitha wanapikiwa ndizi na maharage na dagaa. Mawe, tuliyemleta mjini akilaani barabara yote, anapikiwa uji wa maziwa na samaki aliyepondwa. Mimi, wali, kabichi, na siku chache kwa wiki vile vipande vyangu vya karatasi. Maji ya kwanza ya kuchemshia ndizi zangu hayamwagwi. Jovitha anaweka chumvi, anakunywa, anamnyonyesha mtoto. Ameshanenepa. Nikimwambia ananenepa kwa mabaki yangu, ananijibu kwamba wifi zake wote walikuwa wachoyo, heri mimi mgonjwa.

Projestus alikuja mara ya kwanza baada ya mtoto kutimiza mwezi, na mkungu begani kama mchumba. Jovitha alimkaribisha, akamwekea mezani kikombe cha bati. Ndani, maji ya ndizi. Projestus alizungumza na mimi habari za mvua, akainuka, akaondoka, kikombe kimejaa. Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mkungu nikauza, sikuona sababu ya kuuacha uoze.

Wiki iliyopita alikuja tena, amekonda, hana mkungu. Alikaa. Kikombe kikaja. Jovitha alisimama mbele yake, mtoto begani, pengo la jino likionekana alivyokuwa anapumua kwa mdomo. Mdogo wangu aliangalia maji yale kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeuza gari zima. Kisha akakiinua kwa mikono miwili, akanywa hadi mwisho, akakigeuza juu chini mezani.

Jovitha alivuta kiti, akakaa mbali kidogo naye, mahali ambapo mkono haufiki.

"Sasa," akamwambia, "anza kusema."

Nilitoka uani nikawaachia nyumba. Mwenye mali ndiye anayetaja bei, na bei ya Jovitha ndiyo kwanza ilikuwa inatajwa.